Vichochoro na nyua za Kisumu mjini: nianzie wapi?

Binti_Naka: Habari zenu wadau. Nimehamia Kisumu kikazi kutoka Nakuru. Samaki wa Dunga nimeshakula, ziwa nimeliona. Sasa nataka kutembea mwenyewe polepole, bila mtembezaji wala kundi, nione nyua zilizo nyuma ya maduka ya zamani na vichochoro vyake. Siku gani kuna utulivu? Na mwanamke peke yake akiingia ua wa watu, ataonekanaje?

Omera_Kibuye: Karibu dada. Anzia mnara wa saa, Oginga Odinga Street. Ulizinduliwa 1938, kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha, iliyojengwa na wanawe. Kutoka hapo inua macho juu ya mabango ya M-Pesa: ghorofani bado kuna roshani na mapambo ya saruji. Reli ilifika ziwani 1901, Wahindi wakafungua maduka, na wengi walijenga hivi: duka mbele, familia nyuma au juu, ua katikati. Nenda Jumapili asubuhi, barabara ni tupu.

Fundi_Cherehani: Jumapili ataona nini? Mageti yana kufuli! Mimi nashona ndani ya mojawapo ya nyua hizo. Njoo siku ya kazi, saa mbili hivi asubuhi, tukiwa tunafagia na wateja bado. Geti likiwa wazi simama hapo hapo, piga hodi, msalimie soja, yaani mlinzi wa geti, useme unaangalia nyumba ya zamani. Wengi watakukaribisha. Atakayekufukuza, mwache, usijibizane. Simu ikae mfukoni mpaka uombe ruhusa. Ukipiga picha kimya kimya tutadhani umetumwa na kanjo, askari wa kaunti, au na mtu anayeinyemelea ploti, na hapo hakuna atakayekusemesha tena.

Mzee_wa_Milimani: Hivyo vichochoro vina historia isiyopendeza. Miji ya mkoloni iliacha njia nyembamba nyuma ya ploti ili wabeba ndoo za choo wasipite barabara ya mbele. Ndiyo maana vimenyooka namna ile. Leo kimoja kina kinyozi na mama chai, cha pili ni jaa la taka. Kama hakuna mtu anayefanya kazi humo, usiingie, hata mchana.

Binti_Naka: Asanteni. Na mtaa wa Kaloleni je?

Fundi_Cherehani: Huko watu wanaishi. Ua wa mjini ni mahali pa kazi, yeyote huingia na kutoka. Ua wa Kaloleni ni sebule ya mtu, pamoja na nguo zake kwenye kamba. Tafuta mwenyeji kwanza akupeleke.

Omera_Kibuye: Mimi bado nasema Jumapili, angalau kwa kutazama ghorofa za juu bila kugongwa na boda. Nyua ziwe siku nyingine. Na uwe umemaliza kabla ya saa tano: jua la huku si la Nakuru, tuko chini kwa zaidi ya mita 600. Kofia na maji.