Tupeane uzoefu: Mlima Meru kwa kundi, kichwa kikianza kuuma unasema au unanyamaza?

Mkazi wa Usa River

Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha vikoba kinapanga kupanda tena Mlima Meru mwezi wa saba, na safari hii kuna wanachama wapya ambao hawajawahi kulala mlimani. Kila tukikaa kikao maneno yanaishia kwenye viatu na makoti. Mimi nataka tuzungumze jambo jingine: mtu akianza kuumwa kule juu akiwa na wenzake, anafanyaje? Nimeona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakificha maumivu ya kichwa kama mtu anavyoficha deni.

Kwa asiyeijua njia, mnaanzia geti la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Siku ya kwanza mnalala Miriakamba, mita 2,514. Siku hiyo ni raha tupu: twiga, nyati, mbega juu ya miti, askari wa hifadhi anatangulia na bunduki yake. Siku ya pili ni ngazi za mbao mpaka miguu inalalamika, Mgongo wa Tembo, halafu kambi ya Saddle, mita 3,570. Usiku huohuo mnaamshwa, mnakunywa uji, na saa saba au nane mnaianza safari ya kileleni, mita 4,562.

Sasa itazameni hiyo hatua ya Miriakamba kwenda Saddle. Umekihamisha kitanda chako zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, wakati ushauri wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku hadi usiku usiongeze zaidi ya mita 500 hivi. Kwa hiyo mtu kuumwa kichwa pale Saddle si uzembe wala uoga. Ndivyo njia yenyewe ilivyo.

Safari iliyopita tulikuwa na dada mmoja, mchangamfu kuliko sote. Jioni pale Saddle supu ya mboga ilipoa mbele yake. Alikuwa anaizungusha tu na kijiko huku akiitikia mazungumzo kwa kichwa. Mwongozaji wetu hakumuuliza chochote mbele ya watu. Alimwita nje kama anayetaka kumwonyesha Little Meru, kile kilele kidogo cha jirani, akamwomba atembee kisigino kwa kidole kuufuata ubao mmoja wa sakafu ya baraza. Alitembea vizuri, hakuyumba. Hapo ndipo alipomwambia kwamba kichwa kilimwanza tangu Mgongo wa Tembo. Mchana kutwa amenyamaza, kwa sababu wote tulichanga fedha na yeye hakutaka kuwa wa kuturudisha.

Alipumzika, akanywa maji, kichwa kikatulia, wakakubaliana aende nyuma kabisa na mwongozaji wa pili. Walipofika Rhino Point, njiani kwenda kileleni, kikarudi, safari hii na kutapika. Wakageuka wawili. Sisi wengine tuliendelea bila hata kusimama. Tuliporudi asubuhi tulimkuta anakula, na anatudai picha. Ile namna mwongozaji alivyomtoa mezani bila kumwaibisha naikumbuka kuliko kilele. Nyie wenzangu mliona nini?

Mpagazi wa zamani, Marangu

Wanangu, nimepanda Kilimanjaro kabla ya huu utaratibu wa kupima mizigo getini ili isizidi kilo 20. Niwaambie tunachokitazama. Mwenye maneno mengi akinyamaza, mwangalie. Mkimya akianza kucheka ovyo, mwangalie zaidi. Anayefunga kamba ya kiatu na haifungiki, akarudia, akarudia tena, huyo mshike mkono mshuke, usingoje kuambiwa anaumwa, maana yeye mwenyewe hajui tena.

Kuna kijana alikuja na wenzake wa kazini, msafara wa kuadhimisha Desemba 9. Pale kambi ya Kibo, mita 4,720, kila swali alilijibu "niko sawa". Ukimuuliza anatoka wapi, yuko sawa. Ukimuuliza hapa ni wapi, yuko sawa. Wenzake wakaona ni mzaha wake wa siku zote. Mwongozaji hakusubiri kuche. Tulimfunga kwenye ile machela ya gurudumu moja, tukamshusha kambi ya Horombo kwa tochi, tunapokezana, wawili mbele wawili nyuma. Horombo ni mita 3,720. Kule chini alifungua macho akaomba chai na akauliza mkoba wake uko wapi. Hapakuwa na sindano wala maajabu. Zile mita 1,000 za kushuka ndizo zilizomtibu.

Na jambo jingine ambalo hamlisemi humu. Wagumu nao wanaumwa. Mpagazi hunyamaza kuliko mteja, kwa sababu anahofia akishuka njiani malipo yake yatakatwa, na safari ijayo hataitwa. Nimemwona kijana anatapika nyuma ya jiwe, anajifuta, anarudisha mzigo kichwani. Mkifika kambini, mkishaulizana hali ninyi kwa ninyi, waulizeni na hao waliowabebea mahema. Na mkiwa mnachagua kampuni, ulizeni mpagazi akiugua analipwaje.

Kijana wa Sakina

Shikamoo mzee wangu. Hilo la wapagazi limenigusa, sikuwahi hata kulifikiria.

Mimi nacheza mpira, nakimbia asubuhi kila nikipata nafasi, na Meru ilinilaza chini. Aliyefika kileleni anatabasamu ni mama mmoja wa makamo ambaye mazoezi yake ni kwenda sokoni Kilombero na kurudi. Niliuliza sana baadaye, nikaelezwa kwamba nguvu za misuli na mwili kuzoea hewa nyepesi ni vitu viwili. Sisi wenye pumzi tunaumia zaidi kwa sababu tunakimbilia. Mwili haujapewa muda, miguu imeshafika.

Kwa Meru kuna jambo la kulijua. Kwa kuwa lazima mwende na askari kwa ajili ya nyati, mara nyingine makundi ya kampuni tofauti huunganishwa chini ya askari mmoja. Unajikuta na wageni wenye mwendo wao, na ninyi mna wenu. Tulichofanya, na kilisaidia sana, ni kumweka mwenye mwendo mdogo kuliko wote nyuma tu ya askari, mbele ya kila mtu. Akiwa mkiani anakimbizana na kundi usiku kucha, kila mkisimama kupumzika mnaondoka yeye ndiyo kwanza anafika. Akiwa mbele, anapumzika sawa na wengine.

Na ile ya kupanda Little Meru jioni ya siku ya pili msiiruke kwa kisingizio cha uchovu, kama afya inaruhusu. Ni mita 3,820, mnapanda polepole, mnakaa kidogo, mnarudi kulala chini yake. Mwili unaonjeshwa kabla ya usiku wenyewe.

Muuguzi, Ngarenaro

Naomba niongeze kwa upande wangu, maana watu wanabeba dawa kwa kusikia.

Kwenye kilele cha Meru kila pumzi inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayoipata Tanga au Dar. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu nusu kamili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi kukatika ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko, na kwa kawaida huanza saa chache baada ya kufika, ndiyo maana mtu anafika kambini anaimba na jioni hataki chakula. Unaweza kumeza panadoli, sikatazi. Ninachokataza ni kumeza panadoli halafu ukaendelea kupanda ukijidanganya umepona. Ukiwa na dalili, baki hapohapo mpaka ziishe. Zikizidi, shuka.

Mawili haya hayana mjadala wala kusubiri asubuhi. La kwanza, mtu anayumba au anachanganyikiwa, kama huyo kijana wa mzee, hapo ubongo umeanza kuvimba. La pili, anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, hapo maji yanaingia kwenye mapafu. Anashuka muda huohuo, na hashuki peke yake.

Diamox inasaidia mwili kuzoea, lakini nenda kwa daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Inakojoza na vidole vinachoma kama vimekufa ganzi, usishtuke. Pombe na dawa za usingizi ziacheni nyumbani, zinapunguza pumzi usiku.

Binti Kiboriloni

Mimi langu ni la uchungu kidogo. Tulikwenda na kampuni moja, jina naliacha. Tulikuwa wengi, mwongozaji mmoja. Juu ya Rhino Point, pale kwenye miamba unaposhika kwa mikono, rafiki yangu akaanza kuyumba. Mwongozaji akasema wazi hawezi kumwacha, na hawezi kutuacha. Tukarudi wote, kilele tunakiona. Uamuzi wake ulikuwa sahihi na namheshimu mpaka leo. Lakini njia nzima ya kushuka yule rafiki yangu alikuwa anaomba radhi. Mtu mgonjwa, anatetemeka kwa baridi, anaomba radhi kwa kila mmoja! Na kuna waliomnunia mpaka Moshi mjini.

Yule mgonjwa hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la waliopanga mwongozaji mmoja kwa kundi zima. Kabla hamjalipa ulizeni: akigeuka mmoja, nani anashuka naye? Wakianza kuzungukazunguka bila jibu, tafuteni wengine. Na siku nne, tafadhali, si tatu. Kwa siku tatu mnatoka kileleni mnashuka mpaka Momella siku hiyohiyo, karibu mita 3,000 za kushuka kwa magoti ambayo hayajalala. Kwa nne mnalala tena Miriakamba.

Mama Wawili

Kwa wale wapya kwenye kikundi chenu dada, kwa nini msianze na kutwa moja? Sisi tulikwenda Marangu kama familia, tukapanda mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720, watoto wakazunguka kreta ya Maundi, jioni tuko nyumbani tunakula mtori. Mtakuwa mmeshajuana nani anapenda kukimbia mbele na nani hasemi akichoka. Nguo za baridi tulizipata mitumba pale Memorial, za watoto na zetu, hatukukodi kitu.

Kijana wa Sakina

Mama Wawili, nakubaliana nawe kwa kujuana. Ila kwa kuumwa, Mandara haitawaonyesha kitu, bado ni chini. Mtu anaweza kurudi kutoka Mandara anajiona simba, Saddle ikamshangaza.

Mkazi wa Usa River

Asanteni sana, na mzee wangu wa Marangu, Mungu akutunze. Nimeyasoma haya yote kwenye kikao cha leo na tumeshakubaliana. Tunakwenda siku nne. Waongozaji wasipungue wawili, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla hatujatoa hela. Jioni kila kambi, muweka hazina wetu atampitia kila mtu pembeni, mmoja mmoja, na wapagazi wakiwemo: umekula, umekojoa, kichwa vipi. Pia tumepitisha kwamba atakayeshuka na atakayefika, wote mchango ni uleule na sherehe ya kurudi ni ya wote.

Bado hatujaelewana kwenye jambo moja. Mwanachama wetu ana pumu, anatumia pampu, anatamani sana kwenda. Tumemwambia aanzie kwa daktari wake. Kama kuna mwenye pumu aliyewahi kulala Miriakamba au Saddle, atuambie ilikuwaje ile baridi ya usiku na vumbi la majivu kule juu.