Besi inayorudi mara 13 kwenye Crucifixus ya Bach: ni namba, ni huzuni, au ni imani?

Sauti_ya_Nne:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi naimba sauti ya nne kwenye kwaya, na tangu mwaka jana najisomea muziki wa Ulaya wa zama za baroko, ule wa kati ya 1600 na 1750. Nina swali ambalo halikuanzia kwenye kitabu, limeanzia kwenye mazoezi.

Tunajifunza Crucifixus, ile sehemu ya "akasulubiwa" kwenye Misa ya mtunzi Mjerumani Bach katika funguo ya B maina. Wanaoijua wanajua: chini kabisa besi ya ala inashuka nusu hatua kwa nusu hatua kutoka E hadi B, ndani ya vipimo vinne (vile vyumba vidogo vya mapigo kwenye karatasi ya muziki), kisha inaanza upya. Inashuka tena, inaanza tena. Nikachukua penseli nikawa naandika namba juu ya kila mzunguko. Zikafika 13. Kwenye mzunguko wa mwisho fidla na filimbi zinanyamaza, tunabaki waimbaji na besi ya ala tu, sauti zote nne zinazama chini taratibu, halafu wimbo, uliokuwa wa maina yenye huzuni, unatua kwenye G meja yenye nuru zaidi, mahali ambapo sikio halikupategemea. Siku ya kwanza kuimba hapo sikumaliza. Koo lilinibana.

Mwenzangu wa sauti ya tatu akasema 13 ni Yesu na mitume wake 12. Mwingine akasema ni Yuda. Nikaenda kusoma, nikakuta hata wanazuoni wamegawanyika vivyo hivyo. Wapo wanaosema muziki ule ni hisia zilizopangwa kwa kanuni. Wapo wanaohesabu vipimo na kugeuza herufi kuwa namba. Wapo wanaosema bila teolojia ya Kilutheri hutaelewa hata noti moja. Kila kundi nikilisoma peke yake naona lina haki.

Nitajuaje kwamba jambo lilikuwa kichwani mwa mtunzi, si kichwani mwangu? Na lile koo langu kubana, lina uzito wowote kama ushahidi?

Mama_Kinanda:

Mwanangu, umehesabu sawasawa, ni 13. Nakuomba usiifute hiyo penseli bado.

Muziki huo Bach aliutunga mara ya kwanza mwaka 1714 akiwa Weimar, Ujerumani, kwenye kantata, yaani mfululizo wa nyimbo za kwaya na ala kwa ajili ya ibada, iitwayo Weinen, Klagen, Sorgen, Zagen, yaani kulia, kuomboleza, kuhangaika, kuogopa. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwishoni mwa maisha yake, alipokuwa anaikamilisha Misa, akauchukua, akaushusha kutoka F maina hadi E maina, akauvisha maneno ya Nasadiki, ile kanuni ya imani inayoimbwa kwenye misa. Kule kwenye kantata mzunguko wa besi unakuja mara 12. Kwenye Misa akaongeza vipimo vinne vya ala tupu mwanzoni, kabla ninyi hamjafungua midomo. Basi 13 yako imezaliwa hapo.

Sasa anayesema ni Yesu na mitume ana kazi ya kufanya. Aonyeshe kwamba vile vipimo vinne viliongezwa ili itimie 13, na si kwa sababu kwaya imetoka tu kuimba sehemu iliyotangulia na inafaa besi isikike kwanza bila waimbaji, kama mtu anayetembea akielekea mahali fulani. Mimi nikiwa kwenye kinanda naihisi hiyo sababu ya pili mikononi kila mara. Lakini kuhisi kwangu si hati, na sitakulazimisha.

Linganisha na jambo lenye alama kwenye karatasi. Hati ya Misa kwa mkono wa Bach ipo. Maneno ya Et incarnatus, "akapata mwili", mwanzoni aliyaweka ndani ya wimbo wa watu wawili uliotangulia. Baadaye akayatoa, akayatungia kwaya yake, akapachika ukurasa mzima wa nyongeza. Baada ya hapo Nasadiki ikawa na sehemu 9, na Crucifixus ikawa ya 5, katikati kabisa, nne huku na nne kule. Hapo unaona namba, unaona imani, na unaona mtu aliyerudi kwenye kazi yake na kuipanga upya. Kwa uzani wangu hilo lina nguvu kuliko 13 mara nyingi.

Kuhusu hisia. Utasoma mahali pengi kwamba wakati ule kulikuwa na "fundisho la hisia", kama kamusi: huzuni andika hivi, furaha andika vile. Kuwa mwangalifu. Mwaka 1983 mwanazuoni wa muziki George Buelow alionyesha kwamba fundisho moja kamili la namna hiyo halikuwepo. Ni wanazuoni wa Kijerumani wa karne ya 20 waliokusanya vipande na kuvipa jina moja. Vipande vyenyewe ni vya kweli. Mwanafalsafa Descartes mwaka 1649 alitaja hisia sita za msingi: mshangao, upendo, chuki, shauku, furaha na huzuni. Mattheson, mwandishi Mjerumani wa muziki aliyeishi zama za Bach, mwaka 1739 akafundisha kwamba furaha hutanua roho za mwilini, yaani nguvu nyepesi walizodhani zinapita mwilini, kwa hiyo ifaane na miruko mipana, na huzuni huzibana, kwa hiyo ifaane na hatua ndogo kabisa. Itazame besi yako: nusu hatua, nusu hatua, nusu hatua.

Mattheson huyohuyo, mwaka 1713, aliandika kwamba E maina ni ya mawazo mazito na majonzi, ila majonzi ambayo bado yanatumaini faraja, na F maina akaipa kukata tamaa. Ukiona Bach ametoka F maina kwenda E maina unatamani kupiga kelele, "nimepata!" Nilipiga kelele hiyo nikiwa mwanafunzi, na nikaandika kurasa nne. Lakini Mattheson mwenyewe alikiri kila mtu ana uhuru wa kuzisikia funguo kwa namna yake. Tena E maina inakaa vizuri kati ya B maina ya Et incarnatus na D meja ya ufufuko inayofuata. Fundi anaweza kuichagua kwa hilo tu.

Koo lako peke yake halithibitishi kitu. Ila kumbuka mtunzi Monteverdi mwaka 1638 alimliza nimfa wake, binti wa hadithi aliyeachwa na mpenzi, juu ya besi ya noti nne zinazoshuka bila kukoma, na Purcell huko Uingereza akamzika Dido, malkia wa opera yake, juu ya besi inayoshuka kwa nusu hatua kama yako, kutoka G hadi D. Italia, Uingereza, Ujerumani, maombolezo yanashuka ngazi ileile. Hiyo ilikuwa lugha ya watu wengi. Aliyebanwa koo na neno la lugha ameielewa lugha.

Abjadi14:

Nichangie kwenye herufi na namba tu, maana hesabu ndiyo kazi yangu.

Ile ya kugeuza herufi kuwa namba ni hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ina thamani yake, ila kwa herufi za Kilatini: A ni 1, B ni 2, na kuendelea, I na J zikihesabiwa herufi moja, U na V vilevile. BACH inatoka 2+1+3+8, jumla 14. J. S. BACH ni 41. Aliyeieneza kwenye masomo ya Bach ni Friedrich Smend, katikati ya karne ya 20. Mfano unaonukuliwa sana unatoka kwenye Misa hiyohiyo: CREDO, yaani "nasadiki", ni 43, na wakatafuta neno hilo linaimbwa mara ngapi. Mwanazuoni Ruth Tatlow mwaka 1991 akachunguza upya chimbuko lake: mbinu hiyo washairi wa Kijerumani waliitumia kweli kuchezea majina, lakini kulikuwa na alfabeti za namba za aina nyingi, na mtunzi kuijua si sawa na kuitungia muziki.

Jana usiku nikafanya jaribio. Crucifixus ina vipimo 53. Nikatafuta neno la Kilatini lenye 53. Dakika tano hazikuisha nikapata LUX: 11+20+22. Nuru! Nuru ndani ya wimbo wa kifo, kabla tu ya ufufuko. Ni nzuri, inatetemesha, na nimeitengeneza mimi. Hakuna popote Bach aliposema hivyo. Kama neno zuri kiasi hicho linapatikana kwa dakika tano, basi uzuri wa jibu haupimi ukweli wake.

Kuna namba ambayo ni ya Bach bila ubishi. Mwishoni mwa Patrem omnipotentem, sehemu ya pili ya Nasadiki, kwenye hati, aliandika kwa mkono wake 84, na ndivyo vipimo vya sehemu hiyo. Kwa hiyo alihesabu. Wengine wakakimbilia 7 mara 12, namba mbili takatifu. Mimi nasimama kwenye "alihesabu". Mshairi wetu anapima mizani 16 kila mshororo na hakuna anayemuuliza 16 ni siri gani; anapima ili shairi lisimame.

Tatlow mwenyewe, kwenye kitabu chake cha 2015, alielekea upande huo: kwamba Bach aliporekebisha mikusanyo yake alisawazisha jumla za vipimo zikapata uwiano mwepesi, 1 kwa 1 au 1 kwa 2, kwa kuwa mpangilio wa namna hiyo ulionekana kuakisi mpangilio wa Muumba. Napenda wazo hilo. Hata hivyo angalia: mkusanyo wa vipande 15 unaweza kugawanywa makundi mawili kwa njia 16,383. Ukiruhusiwa kuchagua yoyote, usawa utaupata mahali. Nitaamini zaidi pale ambapo kipimo kiliongezwa au kuondolewa na hakuna sababu ya kimuziki ya kufanya hivyo.

Msomaji_wa_Calov:

Wapendwa, upande wa imani tuna kitu cha kushika mkononi. Biblia ya Bach yenye maelezo ya Calov, mwanateolojia wa Kilutheri, juzuu tatu, kila moja ikiwa na alama ya jina lake na mwaka 1733, iligunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 1934, na leo iko seminari ya Concordia, St. Louis. Kwenye 2 Mambo ya Nyakati 5, pale waimbaji na wapiga tarumbeta walipokuwa kama mmoja na wingu likaijaza nyumba, aliandika pembeni kwamba palipo na muziki wa ibada Mungu yupo daima kwa neema yake. Aliandika akijisomea, bila mkubwa wa kumpendeza. Mwanazuoni wa muziki Friedrich Blume alipotilia shaka uchaji wa Bach miaka ya 1960, mtu yeyote anayejibu lazima aanzie kwenye pembe za kurasa hizo.

Ila pembe za kurasa hazisemi chochote kuhusu 13. Zinasema alichoamini muziki unafanya.

Na tusidhani imani ilihitaji kusikika ndipo iwepo. Mtunzi Biber, kwenye sonata (wimbo wa ala) ya ufufuko katika zile 15 za Rozari, anamtaka mpiga fidla abadilishane nyuzi mbili za katikati, zikatishane. Nyuma ya daraja la fidla kunakuwa na msalaba. Wasikilizaji hawausikii. Mpigaji anauona anapofunga nyuzi, kabla hajapiga noti hata moja.

Sauti_ya_Nne:

Shikamoo Mama Kinanda, na asanteni wote. Ile LUX nimeisoma mara tatu. Nilitamani iwe kweli, na sasa naelewa kutamani huko ndiko kunakonipoteza.

Nimegundua nilikuwa nauliza swali moja kwa vitu vitatu. Ukurasa uliopachikwa ni jambo alilofanya. Besi inayoshuka ni lugha aliyoikuta. 13 ni hesabu yangu, labda na yake. Nitaviandika kwenye safu tofauti.

Mama, moja tu: ile G meja ya mwisho ilikuwepo kwenye kantata ya 1714?

Mama_Kinanda:

Marahaba mwanangu. Haikuwepo. Kule kwaya inafungia kwenye F maina ilikoanzia. Kugeuka kuelekea G meja alikutunga kwa ajili ya Misa, kwenye mzunguko huohuo wa 13 uliokushika koo. Fungua kipimo cha 49, ndipo unapoanza, na iangalie besi ya ala: mara 12 ilirudi ilikotoka, safari hii inaacha njia. Ninyi sauti ya nne msivute pumzi kwa kishindo hapo, maana hakuna ala ya juu ya kuwafunika.