Nimetoa laki na ishirini kusawazishiwa akisheni, raifo inatawanya vilevile

Wadau, nina hasira, mnivumilie. Raifo yangu ni Remington 700 ya risasi za .308, ya shabaha tu, na kibali ninacho. Kwa mita 100 ilikuwa inaweka risasi tano ndani ya sentimita tano hivi. Fundi mmoja wa hapa Nairobi (simtaji, sitaki kesi) akanipiga maneno: eti kiwandani waliacha akisheni imepinda, yaani risiva (mwili wa chuma unaoshika mtutu) pamoja na komeo linalofunga risasi ndani. Nimwachie achonge uso wa risiva, asage meno yanayolifunga komeo, anyooshe nyuzi za kufungia mtutu; hiyo ndiyo kusawazisha akisheni. Akaniahidi nusu dakika ya pembe, yaani kama sentimita moja na nusu kwa umbali huohuo. Nikamtumia pesa kwa M-Pesa, msimu wa mashindano ukanipita nikiwa mtazamaji.

Imerudi. Sentimita tano. Risasi ni za loti ileile, darubini ileile, hata mifuko ya mchanga ni ileile.

Basi nikatoa komeo nikaliangalia juani. Nyuma ya meno, jino moja linang'aa, la pili bado lina weusi wake wa kiwandani. Kama yangesagwa kweli, yote mawili yangekuwa na mng'ao wa kufanana, kwa sababu kusaga ndiko kunakofanya yashike risiva kwa pamoja. Halafu pale mtutu unapoingia kwenye risiva kuna mstari wa mafuta yaliyogandana na vumbi, haujaguswa. Uso wa risiva utauchonga vipi na mtutu haujafunguliwa? Alichonga na macho?

Na afadhali hakufanya! Ukisaga meno, komeo linarudi nyuma kidogo, na ile nafasi ya risasi ndani ya chemba inaongezeka. Kwa .308, vyuma vya kupimia nafasi hiyo, geji inayotakiwa kupita na ile isiyotakiwa kupita, zimeachana kwa inchi 0.004 tu, sawa na sehemu ya kumi ya milimita. Shinikizo la juu linaloruhusiwa ndani ya chemba ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Ganda likipasuka hapo, uso ulio karibu ni wako. Ndiyo maana mafundi wanaojiheshimu hufanya kazi hii pamoja na kufunga mtutu mpya, au wanaurudisha nyuma ule wa zamani na kukata chemba upya.

Sasa mtaniambia kazi yenyewe ina maana. Ina maana, sibishi. Jino moja likibeba mzigo wote, komeo linainama kidogo risasi inapolipuka. Lakini kinachoweka risasi kwenye shimo moja kwa sehemu kubwa ni mtutu wenyewe, chemba yake, mdomo wake wa mbele, na jinsi risiva ilivyokaa kwenye kitako. Akisheni iliyonyooshwa yenye mtutu wa kawaida wa kiwandani ni sawa na kupiga msasa bawaba za mlango uliooza. Tazameni raifo ya Savage 110, ipo tangu 1958, kichwa cha komeo lake kinachezacheza ili kijipange chenyewe, na watu wanapiga nayo vizuri bila fundi yeyote kuigusa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kusawazisha peke yake, tena kwa ahadi ya sentimita, anakuuzia maneno.

Tatizo letu hapa ni kwamba huna pa kukimbilia. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, wenye raifo ni wachache, na mafundi wa kazi hii ni wa kuhesabu. Ukitaka mtutu kutoka nje, jiandae kwa vibali. Wao wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana bei inatajwa bila aibu. Pia acheni kunionyesha picha za risasi tatu zilizogusana. Tatu zikigusana mara moja ni bahati, pigeni kumi kwenye karatasi moja ndipo tuongee.

Nimemwandikia anirudishie pesa, amesoma, kimya. Ninachotaka kwenu ni viwili. Kuna mtu amesawazishiwa akisheni hapa Nairobi, mtutu ukabaki uleule, na ana karatasi za kabla na baada? Na nani anamjua fundi mwenye leseni anayekubali mteja asimame pale mashine inapokereza, geji ya kupimia unyoofu ikiwa juu ya risiva, asome mwenyewe? Majina mniletee inbox, si hapa.