Tupeane uzoefu: samaki wageni wakibadilika tabia, vipimo vya maji vilionyesha nini?

Wadau wa samaki wa mapambo, habari zenu. Naona mara nyingi mtu akiingiza samaki wapya, wakaanza kuhema juu ya maji au kujibanza kwenye kona, anaulizia dawa kwanza. Mimi nasema vipimo kwanza. Dawa haiondoi amonia (sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula), na baadhi zinaua bakteria wa kwenye filta wanaoivunja, hapo mambo yanaharibika zaidi. Tuelezane: samaki walifanya nini, ulipima nini, ukachukua hatua gani?

Naanza na langu. Gapi wapya waliingia jioni wakiwa wazima. Asubuhi wote wako juu, midomo inagusa uso wa maji, mashavu yanapiga harakaharaka. Maji yenyewe meupe, changarawe unaihesabu. Nikapima: amonia 0, naitraiti 2 mg kwa lita. Tangi lilikuwa bado changa. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti walishakaa, ila wale wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa, huchelewa, na kwa kawaida mzunguko mzima wa bakteria hao kukaa sawa huchukua wiki 4 hadi 6. Naitraiti ikiingia kwenye damu, damu inashindwa kubeba oksijeni, ndiyo maana samaki anahema hata kama pampu ya hewa inafanya kazi vizuri. Nilibadilisha nusu ya maji, nikatia chumvi kidogo kwa sababu kloridi huzuia naitraiti isipenye kwenye mashavu, nikapunguza na chakula. Niliendelea kubadilisha maji na kupima kila siku mpaka ikashuka. Wenye koridora (kambare wadogo wa mapambo) wawe waangalifu na chumvi, hawaipendi.

Mlezi wa Diskasi: Asante mleta mada. Mimi napima mpaka maji ya mfuko. Samaki waliosafiri muda mrefu wanajaza kabonidayoksaidi humo ndani, pH (kipimo cha uasidi wa maji) inashuka, na pH ikiwa chini amonia nyingi inabaki katika hali isiyo na madhara makubwa. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, amonia ileile inageuka sumu. Mfuko mmoja nilioupima ulikuwa na pH karibu na 6, na amonia ilipita rangi ya mwisho kwenye kadi ya kipimo. Kwa hiyo waliotoka mbali nasawazisha joto tu mfuko ukiwa umefungwa, nikiufungua nawachota kwa wavu papo hapo. Maji ya mfuko hayaingii tangini kabisa. Waliotoka jirani nawachanganyia maji polepole, hao hawana shida hiyo.

Mpya Kidogo: Jamani, beta wangu anapanda juu kuvuta hewa kila baada ya muda. Vipimo vyote safi.

Mlezi wa Diskasi: Huyo ndivyo alivyoumbwa, ndugu. Beta na gorami wana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Mwangalie mapezi: yakiwa yamefunguka na anakula, muache atulie.

Kioo Safi: Kwangu wageni walianza kujikuna kwenye mawe muda mfupi baada ya kubadilisha maji, na amonia ikaonekana wakati kabla haikuwepo. Ilikuwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) ya maji ya bomba. Klorini ukiiacha kwenye ndoo usiku kucha hupungua, kloramini haitoki kirahisi hivyo. Tena kiondoa klorini cha kawaida kikiivunja, amonia inabaki. Tafuteni kinachodhibiti na amonia pia. Kujikuna kukiendelea na vipimo vimekaa sawa, hapo ndipo nafikiria vimelea.

Bustani ya Maji: Ongezeni saa ya kupima. Tangi langu lina mimea mingi, na usiku mimea nayo inatumia oksijeni. Samaki walikuwa wanahema alfajiri, ikifika mchana wamechangamka, nikipima mchana sioni kitu. Nilipopima kabla ya taa kuwaka ndipo nikaona oksijeni iko chini. Joto nalo linachangia: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama 9 mg kwa lita, yakifika nyuzi 30 ni kama 7.5. Sasa pampu ya hewa inawaka usiku kucha.

Mleta mada: Hiyo ya alfajiri ni muhimu sana, mkuu. Na mnaotumia vipimo vya matone, chupa za naitreti tikiseni kwa nguvu, maana kemikali hutuama chini na majibu yanakuja madogo kuliko hali halisi. Wenye matangi ya maji ya chumvi bado hatujawasikia, karibuni.