Nakuru hadi Pwani na mamangu, siku 8: tulale Diani ama Kilifi? Naomba ushauri

Section58
Wadau habari za jioni. Niko Nakuru, na Agosti shule zikifungwa nataka kuteremka Pwani na familia, mimi, bibi yangu, watoto wawili, mmoja ako na miaka 9 mwingine 4, na mamangu mzazi wa miaka 67 ambaye hajawahi ona bahari. Amelima viazi na pareto huko Molo maisha yake yote. Mwaka juzi tulienda matanga Kisumu tukampitisha Dunga, akakaa pale kando ya ziwa akiangalia mashua masaa mawili hataki tuondoke, akaniuliza kama bahari ni kubwa kushinda hii. Tangu siku hio sijatulia. Magoti yanamsumbua zaidi kila mwaka na naona nikingoja ngoja sitampeleka tena.

Sasa niko na siku 8 kuhesabu na za barabarani, gari ni Fielder. Nilikuwa nimeandika Mombasa, Diani, Wasini, Kilifi, Watamu, Malindi na Marafa, halafu Lamu, kila usiku mahali tofauti. Bibi yangu aliangalia ile karatasi akasema mama hawezi kufungasha mzigo kila asubuhi na hayo magoti, na ako sawa. Kwa hivyo nisaidieni, kama ni kulala sehemu moja tukitoka asubuhi tunarudi jioni, nichague upande wa kusini ama wa kaskazini? Na mama atavumilia kilomita kama 640 kwa gari ama nimweke kwa treni? Pia nimeskia Agosti bahari huwa imechafuka, ni ukweli? Bajeti si kubwa, tunataka nyumba yenye jiko tujipikie.

DerevaWaMasafa
Hio barabara naijua, nimeendesha lori Kisumu Mombasa miaka 11. Kwanza futa Lamu. Malindi mpaka Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, ukifika hapo unaacha gari unapanda boti, na usalama wa ile njia lazima uulizie kabla hujatoka. Hio ni safari yake pekee.

Pili usiendeshe usiku. Kuanzia Mtito mpaka Mariakani matrela yamefuatana kama siafu, mtu anachoka kungoja anaovateki kwa kona, na lori ikiharibika unakuta imeachwa hapo hapo kwa lami na matawi tu yametupwa nyuma kama alama. Mchana unayaona hayo matawi, usiku unayaona ukiwa umeshafika. Toka Nakuru saa kumi na moja alfajiri, ukifika Gitaru ingia baipasi ya kusini utokee Mombasa Road, usipite katikati ya Nairobi. Mtito Andei ndio kama nusu ya Nairobi na Mombasa na kila mtu husimama hapo, lakini na mama na watoto mimi ningesimama Makindu kwa hekalu la Masingasinga, wanakaribisha kila mtu na chakula ni bure, unavua viatu unafunika kichwa, ukipenda kuacha sadaka unaacha. Kuna kivuli na vyoo safi.

Na angalia redieta na tairi mapema. Sisi wa huku juu tumezoea baridi, gari inayochemka kidogo tu ikipanda Salgaa, ikifika Voi na watu watano na mizigo itakuacha barabarani.

MtuWaMida
Karibuni sana, na huyo mama mzazi mwambie twamngoja. Kusini kuzuri na kaskazini kuzuri, ila kwa siku zako na magoti ya mama mimi nasema kaeni Kilifi. Watamu ni kama kilomita 50, Malindi kama 60, Mombasa nayo 60, mwaenda na kurudi kabla jua halijatua na kitanda ni kile kile. Wala si lazima muingie Mombasa mkija, mkifika Mariakani kateni kushoto mfuate njia ya Kaloleni mpaka Mavueni, hapo Kilifi ni ng'ambo ya daraja tu. Njia yenyewe ni minazi kushoto na kulia, mama atapenda.

Gede nendeni asubuhi. Ni mji wa Waswahili wa kale, ulianza karne ya 12, watu wakauhama karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO wakautia kwenye urithi wa dunia. Njia ni tambarare chini ya miti mikubwa, mama atatembea polepole akichoka akae. Mwonyesheni visima. Vilichimbwa, maji yakashuka, vikachimbwa tena chini zaidi, na mtu aliyelima maisha yake yote ataelewa shida ya wale watu kabla hamjamweleza. Hapo hapo kuna mradi wa Kipepeo, wanavijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo wakiwa bado kwenye vifuko vyao wakauza nje ya nchi, wakapata sababu ya kutoukata msitu. Mtoto wa miaka 9 hatataka kutoka.

Marafa, lile korongo la udongo wa rangi rangi, ni kilomita 30 na kitu kutoka Malindi. Nendeni jioni, saa sita mchana pale ni tanuri. Mama abaki juu ukingoni, ndipo penye kuonekana vizuri, kushuka ni kwa wenye miguu. Sisi tuliambiwa tangu utotoni kwamba palikuwa na matajiri waliokuwa wakioga maziwa, Mungu akaididimiza nyumba yao, ule weupe wa ardhi ni maziwa na wekundu ni damu. Mtafuteni mzee wa pale awasimulie, msisome kwa simu.

Nyakach_Ber
Mimi ni wa Kisumu, nilimpeleka mamangu Diani mwaka 2023 na nataka nikwambie penye niliteleza ili wewe usiteleze. Nyumba niliipata kwa intaneti, wameandika hatua chache hadi baharini, picha zote za bahari. Tulipofika ni karibu kilomita 2, nyumba iko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Mamangu alikuwa anashuka mara moja kwa siku halafu anakaa huko chini mpaka jioni ju kupanda tena ilikuwa kilio. Niliumia sana, ju ilikuwa zawadi yangu kwake. Kwa hivyo usiulize kama ni karibu, uliza mita ngapi, uliza kama ni chini, uliza kama kuna ngazi za kuteremka ufukweni ju kuna sehemu nyumba ziko juu ya mwamba. Ambia mwenye nyumba akupigie video akitembea kutoka mlangoni mpaka mchangani. Akikataa tafuta ingine.

Diani kwenyewe mchanga ni mweupe hata macho yanauma, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakupitisha kwenda kusini bila kungoja feri ya Likoni. Lakini kisiwa cha Wasini na mama mwenye magoti fikiria mara mbili. Boti za Shimoni unaeza kuta unaingia maji kwanza ndio upande, mamangu alibebwa na vijana wawili na hakufurahia kubebwa. Mimi naunga mkono Kilifi.

Lanet_Juu
Treni treni treni. Mama wa miaka 67 anahitaji kusimama na kunyoosha miguu na choo iwe karibu. Ile ya asubuhi inayosimama njiani inasimama pia Mariakani, kwa hivyo wewe endesha na mizigo, uwachukue hapo hapo Mariakani muingie Kaloleni pamoja. Tiketi za Agosti huisha haraka, kata mapema, na mkalishe dirishani, Tsavo akiwa na bahati ataona ndovu wekundu kwa ule udongo.

Section58
Asanteni sana, nimesoma yote nikamsomea na bibi yangu. Dada yangu anaishi Mlolongo, kwa hivyo siku ya kwanza tutalala huko, kesho yake mama, bibi yangu na watoto wapande treni pale Syokimau mimi niendeshe. Hio ya Mariakani sikuwa naijua kabisa. MtuWaMida, hujaniambia kuhusu Agosti, kuna mtu ofisini amenikatisha tamaa anasema ni mwani tu ufukweni na upepo.

MtuWaMida
Samahani, nilisahau. Agosti ni kusi, upepo watoka kusini, bahari ina mawimbi na mwani huja ufukweni, hilo ni kweli. Maji hayawi angavu kama wakati wa kaskazi kuanzia Desemba. Kwa hivyo kama lengo ni kupiga mbizi kuangalia samaki mwezi wenyewe si huo. Lakini joto limepungua, mama hatateseka, na nyumba ni rahisi kuliko Desemba. Isitoshe Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita huku, watoka bahari ya kusini kwenye barafu waja kuzaa kwenye maji ya moto. Watamu kuna boti za kwenda kuwaangalia, ila boti hurushwa na mawimbi, nenda wewe na huyo mkubwa, mama na mdogo wabaki.

Jambo ambalo watu wa bara hawaulizi ni maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yakupwa mbali sana kisha yajaa mpaka ukutani. Siku za bamvua huku kwetu maji huwa yamekupwa kama saa nne asubuhi na yamejaa kama saa kumi jioni. Basi panga siku kwa hayo. Yakiwa yamekupwa, watoto wacheze kwenye vidimbwi wakiwa na viatu vya mpira, kuna vile vidude vyeusi vya miiba vikikuchoma hulali. Yakiwa yamejaa nendeni Mida kwa mtumbwi ndani ya mikoko. Lile daraja la mbao la hapo layumba, mdogo mshikeni mkono.

Mvita_Kwetu
Mombasa mpeni siku moja tu, tokeni Kilifi saa kumi na mbili kabla Mtwapa haijafunga kwa foleni ya magari. Ngome ya Yesu Wareno walianza kuijenga 1593, ina miteremko na ngazi lakini uwanja wa ndani mama ataufikia. Mji wa Kale mpandisheni tuktuk. Asubuhi kuleni mahamri na mbaazi, na jioni kabla ya kurudi pitieni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari kwa mihogo ya kukaanga na madafu. Mama asiogope pilipili, aseme tu atiwe ndimu peke yake.

Section58
Sawa, imekaa. Usiku mmoja Mlolongo, tano Kilifi, moja njiani Voi tukirudi sote kwa gari. Nimeshapata nyumba, ya chini, mwenyewe amenitumia video akitembea, ni mita 150 na hakuna ngazi. Nimeangalia kalenda mwezi mpevu utakuwa siku ya pili yetu huko. Swali la mwisho, naeza simama pale daraja la Kilifi mama aone maji?

MtuWaMida
Usisimame darajani, magari ni mengi, tena ile ni hori tu, si bahari yenyewe. Mtafika mmechoka, mwacheni alale. Kesho yake saa nne mpelekeni ufukwe wa Bofa, maji yatakuwa yamekupwa. Mchanga uliotoka majini ni mgumu na umelala sawa kama sakafu, hauzamishi mguu kama ule mkavu wa juu, magoti hayatamsumbua. Avue viatu, aende mwenyewe mpaka maji yalipo. Ni mbali kidogo lakini msimharakishe.

Section58
Nimemwambia hivyo saa hii kwa simu. Ameniuliza kama anaeza beba chupa achote kidogo arudi nayo Molo.

MtuWaMida
Abebe mbili.