Soksi za kwanza zenye nakshi: nifume bapa, nitumie sindano tano, au waya mrefu?

Mshika_Sindano

Wadau, hamjambo. Nimeshafuma skafu mbili na kofia moja. Kofia niliifuma bapa nikaiunga kwa mshono nyuma, na huo mshono wenyewe tuuache. Sasa nimetamani soksi, tena si soksi kavukavu: nataka mioyo midogo myekundu kuzunguka mguu juu ya kifundo, kwingine kote nyeupe.

Kila ninayemuuliza ananiapia kuwa njia yake ndiyo nyepesi. Mmoja anasema nifume bapa kwa sindano mbili nilizozizoea kisha nishone. Wa pili anasema nitafute sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Wa tatu kanishauri sindano moja ya waya mrefu, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya. Uzi nilionao ni ule mwembamba wa soksi, gramu 100 nyeupe na kabonge kadogo chekundu. Aliyepita njia zote tatu anisaidie: mwanzilishi aanzie wapi?

waya_mrefu

Jina langu limeshajibu, ila ngoja nifafanue. Chukua waya wa sm 80 hadi 100, ulio laini. Vitanzi unavigawa nusu kwa nusu, nusu mbele na nusu nyuma, na waya unachomoza kando kama sikio. Unafuma nusu ya mbele, unageuza, unavuta waya, unafuma iliyobaki. Huo ndio mzunguko mmoja. Ukichoka unavisukuma vitanzi vyote katikati ya waya na kuitia kazi mfukoni, hakuna kitakachoponyoka.

Uzuri mwingine ni kwamba soksi yenyewe ina nusu mbili: nusu ya juu ya mguu, na nusu ya kisigino na unyayo. Sindano inakugawia hesabu bila wewe kufikiri.

Ubaya wake ni mmoja. Ukipata yenye waya mgumu unaojikunja kama chemchemi, utaichukia kazi kabla hujamaliza mzunguko wa pili.

Bibi_Mabonge

Mwanangu Mshika_Sindano, usitishwe na sindano tano. Mwanzoni utahisi umeshika nungunungu, ni kweli. Lakini tazama vizuri: zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ni mbili tu, kama kwenye skafu yako. Nyingine zinangoja zamu.

Kinachowashinda wengi ni mizunguko mitatu ya kwanza, maana kazi bado haina uzito wa kujishikilia. Anzisha vitanzi vyote kwenye sindano moja ndefu uliyoizoea, kisha fuma mstari wa kwanza ukivihamishia kwenye zile nne kidogo kidogo. Ndipo uunge duara. Kabla hujaunga, hakikisha ukingo wote umelala upande mmoja. Duara likiungwa likiwa limejisokota halina dawa ila kufumua.

Tafuta za mbao au mianzi. Za chuma zinateleza, mwanzilishi anaangusha sindano nzima na vitanzi vyake. Na pale unapohama sindano patatokea kanafasi kama ngazi ya wima. Watu hukaza kitanzi cha kwanza ili kuiziba, na haitoshi. Kaza cha pili. Cha kwanza kikishashikiliwa na jirani yake, ndipo mvuto wako unapofika mahali pake.

nusu_jozi

Hakuna anayeitetea njia ya bapa? Basi niitetee mimi. Nimefuma jozi mbili bapa na zinavalika. (Kwa mtu mwenye jina kama langu, kumaliza jozi mbili ni habari kubwa.) Hujifunzi kushika sindano upya, na mchoro wa rangi unauona mbele yako kama ukurasa.

Sasa mabaya yake, maana sitaki kukudanganya. Kila mstari wa pili unarudi kwa vitanzi vya nyuma, na wengi wetu tunavilegeza hivyo kuliko vya mbele, kwa hiyo kitambaa kinakuwa na mistari mistari isiyotakiwa. Ukiweka rangi mbili, nyuzi za nyuma zinahamia upande unaokutazama nusu ya wakati na unafuma kwa kubahatisha. Halafu kuna mshono: ukiangukia chini ya unyayo, kila hatua utaukumbuka. Mimi niliupeleka kando ya mguu, angalau hapo haukanyagwi.

Mkononi niliwahi kushika pia ile sindano ndogo ya mviringo ya sm 23, inayofuma mguu mzima bila kuhamahama. Inakwenda mbio, ila ncha zake ni fupi mno, vidole vinauma. Isitoshe, ukifika penye vidole vitanzi vinapungua hadi havizunguki tena, na hapo utarudi kwa Bibi au kwa waya_mrefu vilevile.

FundiKisigino

Jamani, mnabishania sindano na mtu ameshika uzi ambao utamkatisha tamaa kwa njia yoyote ile.

Uzi mwembamba wa soksi hufumwa kwa sindano ya mm 2.25 au 2.5, vitanzi kama 30 kwa kila sm 10. Mguu wa mtu mzima wa wastani unahitaji vitanzi 64 kuzunguka. Uzi mnene kiasi, ule wa kofia nyepesi, ukiufuma kwa mm 3.5 unapata vitanzi 22 au 23 kwa sm 10, na 48 vinatosha mguu uleule. Mizunguko nayo inapungua. Kwa soksi ya kwanza, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama jozi itakamilika au itabaki drooni na ndoto zake.

Pima mguu penye unene, tuseme sm 23.5, halafu fuma soksi iwe ndogo kwa karibu sehemu moja ya kumi, yaani sm 21 na kitu. Soksi inayolingana sawasawa na mguu hujikusanya kifundoni. Na fuma kipande cha majaribio, tena kwa mzunguko, si bapa, kwa sababu mkono wako hautoi kipimo kilekile kwa namna zote mbili.

Uzi uwe sufu yenye nailoni. Mchanganyiko wa kawaida wa soksi ni sufu 75 na nailoni 25 kwa mia. Pamba tupu haina mvuto, ikishalegea haijirudi.

Hesabu ya kisigino cha vitanzi 48, kwa kuwa najua utaiuliza: chukua 24, fuma bapa mistari 24 ukiruka kitanzi cha kwanza cha kila mstari. Ukingo utakupa vijicho 12 kila upande. Geuza kisigino, yaani fuma mistari mifupi ya kwenda na kurudi ukipunguza vitanzi, hadi zibaki 14. Okota vitanzi 12 kila upande kutoka kwenye vile vijicho, ongeza kimoja kila pembe kuziba tundu. Jumlisha na 24 za juu ya mguu, unapata 64. Punguza viwili kila mzunguko wa pili, na baada ya mizunguko 16 umerudi 48. Ikitoka hesabu nyingine, umekosea mahali, usijifanye hujaona.

Mshika_Sindano

FundiKisigino, asante, nimenyoosha mikono. Uzi mwembamba nauweka kabatini, ninao mnene mweupe na mwekundu. Bibi, shikamoo, nimekuelewa kuhusu nungunungu. Na mioyo je? Niifume na rangi mbili palepale?

Kitanzi_Kimoja

Usifanye nilichofanya mimi. Soksi yangu ya kwanza niliijaza nakshi za rangi mbili toka juu hadi kifundoni. Ilipendeza mno. Siku ya kuivaa, vidole vikaingia, kisigino kikakataa katakata. Nilivuta mpaka nikaanguka kitandani. Sasa inahifadhi miwani.

Kosa ni kwamba uzi usiotumika hupita nyuma ya kazi, na huo uzi hauvutiki kama vitanzi vinavyovutika. Ukiukaza kidogo tu, mguu mzima unakuwa bomba. Na kumbuka, soksi haipiti kwenye kifundo tu. Inapita kwenye mzingo wa kisigino kwa mshazari, ambao ni mpana kuliko popote mguuni.

Waliozoea hupanda sindano kwa mm 0.25 au 0.5 sehemu ya nakshi, au huongeza vitanzi, wala hawaachi uzi wa nyuma uruke zaidi ya vitanzi vitano. Wengine hugeuza kazi ndani nje, ili uzi wa nyuma upite upande wa nje wa duara na uwe mrefu kidogo kwa lazima. Hii ya mwisho ilinisaidia kwenye jozi ya pili.

FundiKisigino

Ndiyo maana mimi humwambia mwanzilishi asifume mioyo kabisa. Afume soksi nyeupe, kisha aidarizi mioyo juu yake. Sindano butu ya kushonea inatokea penye ncha ya chini ya kitanzi kile chenye umbo la V, inapita nyuma ya miguu miwili ya kitanzi cha juu yake, inarudi ilikotokea. Umekifunika kitanzi kimoja kwa rangi nyekundu. Ukikosea unachomoa moyo mmoja, si soksi nzima. Mahali penye moyo patakuwa pazito kidogo, na ukivuta sana patakunjamana. Ingiza kopo au chupa ndani ya mguu wa soksi unapodarizi ili kitambaa kikae kimenyooka.

Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake, kwa hiyo moyo uliouchora kwenye karatasi ya miraba utatoka umekandamizwa. Chora vitanzi 5 kwa mistari 6. Ukiacha 3 kati ya moyo na moyo, moyo mmoja unachukua 8, na 48 zinakupa mioyo 6 bila kubaki hata kimoja.

waya_mrefu

Kama anataka rangi ndani ya kufuma kwenyewe, mistari ya kuzunguka haina hatari. Uzi unaobadilika rangi wenyewe ni rahisi zaidi, ingawa binafsi naona hapo msifiwa ni aliyetia rangi. Ipo pia ile ya kuruka vitanzi: mizunguko miwili unafuma kwa nyekundu tu, vile vinavyotakiwa kubaki vyeupe unavihamisha bila kuvifuma. Mkononi unashika uzi mmoja muda wote. Inapunguza mvuto pia, lakini si kama bomba la Kitanzi_Kimoja.

Ila nataka kuuliza, mbona hakuna aliyegusa suala la kuanzia vidoleni? Ukianzia vidoleni unajipima kila unapoendelea, na ukigawa uzi gramu 50 kwa 50 unapanda juu mpaka uishe.

nusu_jozi

Na kuanzia vidoleni ni desturi ya kale. Soksi za pamba za Misri za karne ya 11 hadi ya 13, zile za buluu na nyeupe, ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vya kufumwa kwa sindano vilivyobaki. Zipo za Misri za karne ya 3 hadi ya 5 zenye kidole gumba kilichotengwa ili zivaliwe na ndala, lakini hizo hazikufumwa hivi, zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, fundo kwa fundo. Na nakshi ilikuwepo. Kwa hiyo Mshika_Sindano, hujaanza wewe.

Bibi_Mabonge

Vidoleni kunataka kuanzisha vitanzi kwa namna ya pekee, vya juu na vya chini pamoja, na kufunga juu kwa ulegevu wa kutosha mguu upite. Mambo mawili mapya kwa siku moja. Akianzia juu, anaanza na mbavu, yaani ukingo unaovutika, vitanzi viwili mbele viwili nyuma, mikono inazoea duara huku akiwa bado kwenye sehemu isiyo na hesabu. Vitanzi vya kuanzia avianzishe juu ya sindano mbili zilizobanwa pamoja, kisha achomoe moja. Ukingo unalegea wenyewe.

Na huo uzi mwekundu, mwanangu, kabla hujaugusisha kwenye nyeupe, lowesha kipande chake na ukikamue kwenye kitambaa cheupe. Ukiacha doa, ufue peke yake mpaka maji yatoke safi.

Mshika_Sindano

Wiki ya tatu, naripoti. Nimeanzia juu, sindano tano za mianzi, vitanzi 48. Nungunungu alitulia kwenye mzunguko wa nne. Ngazi zilionekana hadi nilipoanza kukaza kitanzi cha pili, na sasa sizioni tena. Kisigino nilikifumua mara mbili kwa sababu nilipata 63. FundiKisigino, sikujifanya sijaona.

Soksi moja imekamilika, na mioyo nimeidarizi jana usiku. Niliingiza chupa, nikashika kazi namna ambayo kila kitanzi kilionekana V iliyosimama vizuri, nikafuata maelekezo neno kwa neno. Mioyo sita, sawasawa. Nikavaa, nikasimama mbele ya kioo.

Yote imesimama kichwa chini.

FundiKisigino

Aa! Ulianzia juu. Soksi iliyoanzwa juu, ukiivaa, V zake zote zimepinduka, ncha juu. Ulipoziweka sawa ulikuwa umeigeuza soksi miguu juu. Kosa langu, nilipaswa kusema ugeuze mchoro. Anayefuma rangi kutoka juu naye huusoma mchoro kuanzia mstari wa juu kwa sababu hiyohiyo. Chomoa, ni mioyo sita tu.

Mshika_Sindano

Nilishika mkasi kabisa. Kisha nikainama kuivua, na kutoka juu, ninavyoitazama mimi niliyeivaa, mioyo yote imekaa sawa. Soksi ya pili naidarizi vilevile.