Miezi minane nalipia "ukurasa wa kwanza Google", kumbe tovuti yangu ilikuwa imefungiwa nje!

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Nina biashara ya kutengeneza friji na mashine za kufulia. Nikaunganishwa na mtu anayejiita mtaalamu wa SEO (kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya Google), akaniahidi ukurasa wa kwanza ndani ya siku 30, "uhakika asilimia mia". Kila mwisho wa mwezi ripoti inaingia: kurasa kumi na mbili, grafu za rangi, mishale yote inaelekea juu. Simu za wateja ziko palepale. Nikimuuliza jibu ni moja tu: "Bosi, SEO inataka subira." Nikasubiri miezi minane, na kila mwezi nalipa.

Wiki iliyopita mpwa wangu akakaa na mimi kwenye kompyuta. Akaniambia, "Mjomba, nenda Google uandike site: halafu anwani ya tovuti yako, bila kuacha nafasi." Nikaandika. Hakuna kitu. Hata ukurasa mmoja! Akafungua tovuti yenyewe, akabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, akachagua kuona msimbo (code) wa ukurasa, akatafuta neno moja. Likatokea pale juu kabisa:

<meta name="robots" content="noindex">

Mstari huo mmoja unaiambia Google: ukurasa huu usiuweke kwenye orodha yako. Mafundi huuweka wakati tovuti bado inajengwa ili watu wasiikute nusunusu, na hilo ni jambo la kawaida. Kazi ikiisha unatolewa. Wangu haukutolewa. Ulikuwa kwenye kila ukurasa, na huyu bwana alikuwa ananiletea grafu za "kupanda" kwa tovuti ambayo haikuwa imesajiliwa hata kwenye foleni.

Mtauliza zile picha za skrini alizokuwa ananitumia, jina la biashara yangu likiwa namba moja, zilitoka wapi. Nimezirudia zote. Zimekatwa juu. Nilipotafuta mwenyewe nikaona alichokuwa anakificha: alama ya tangazo la kulipia. Alikuwa anatangaza jina langu kwa hela yangu mwenyewe, halafu ananionyesha kwamba nimepanda. Google wenyewe wanasema wazi kuwa kulipia matangazo hakukusogezi hata hatua moja kwenye matokeo ya kawaida. Siku ukiacha kulipa, tangazo linaondoka na wewe unaondoka nalo.

Na hata lingekuwa si tangazo, kuwa wa kwanza kwa jina lako mwenyewe ni ushindi gani? Anayeandika jina langu tayari ananijua. Mteja ninayemtaka hanijui. Yuko jikoni kwake, maji yanatiririka sakafuni, anaandika "friji inavuja maji chini" au "friji inanguruma lakini haigandishi". Kwenye tovuti yangu hapakuwa na ukurasa hata mmoja unaojibu maswali hayo. Palikuwa na "Karibu kwenye tovuti yetu" na "Sisi ni bora katika huduma". Nani anatafuta hivyo?

Sasa nimejifunza kwa uchungu, na nayaandika hapa kwa sababu hakuna aliyenieleza. Kwanza roboti ya Google, yaani programu yake, hupita ikifuata viungo (links) kutoka ukurasa hadi ukurasa na kusoma. Pili, inachokiona kinafaa inakiweka kwenye faharasa yake, ile orodha niliyoitaja. Ni baada ya hapo tu ndipo kurasa zinapangwa: nani aje juu, nani chini. Mimi niliuziwa hatua ya tatu wakati ya pili haijafanyika. Mambo ya kasi, kuonekana vizuri kwenye simu, https, yaani muunganisho salama (hiyo imekuwa ikihesabiwa kidogo tangu 2014), yote yana nafasi yake, lakini hayamsaidii mtu aliye nje ya faharasa.

Kuna viungo pia. Larry Page na Sergey Brin walipokuwa Stanford walikuja na wazo kwamba tovuti nyingine ikikuelekezea kiungo, ni kama imekupigia kura. Ndiyo maana kuna watu wanauza kura. Kwenye ripoti yangu kulikuwa na "viungo 2,000 vya ubora wa juu". Nikafungua kimoja: tovuti ya kamari, lugha nisiyoijua, na katikati ya aya sentensi moja kuhusu friji imechomekwa. Cha pili, kamari. Cha tatu hakifunguki. Tangu Aprili 2012 Google ilitoa sasisho liitwalo Penguin mahususi kwa uchafu wa namna hii. Yaani nimelipia kitu ambacho kingeweza kuniumiza!

Halafu chini ya ukurasa wa mwanzo palikuwa na nafasi nyeupe kubwa. Mpwa wangu akaburuta mausi juu yake, maneno yakajitokeza: "fundi friji fundi friji fundi mashine fundi friji", mistari kumi na zaidi, maandishi meupe juu ya rangi nyeupe. Hili limekatazwa kwenye kanuni za Google miaka mingi sana. Na orodha ndefu ya maneno muhimu aliyoijaza kwenye msimbo? Google walishatangaza mwaka 2009 kuwa hawaitumii kupanga matokeo.

Kinachoniuma zaidi ni lile neno subira, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ushauri wa Google wenyewe ni kwamba kazi ya SEO huchukua kati ya miezi minne na mwaka ndipo matunda yaonekane. Amechukua ukweli huo akaufanya ngao. Na hao hao Google wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja, kwa hiyo ile "asilimia mia" ya siku ya kwanza ilikuwa uongo tangu inatamkwa.

Najua atakuja mtu kusema kosa ni langu, ningejifunza mapema. Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia tovuti yako, ni bure, inaonyesha kurasa zilizokataliwa na sababu zake. Nilipomwomba yule mtaalamu anifungulie aliniambia "hiyo ni ya mafundi". Si kweli, ni ya mwenye tovuti! Na nimegundua hata anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina lake. Nimeidai mara tatu, ujumbe umesomwa, kimya.

Ule mstari tumeufuta Jumatatu na kuomba Google ipite upya. Leo asubuhi kurasa tatu zimeingia. Kazi ya dakika tano, baada ya miezi minane.

Kama na wewe unamlipa mtu kwa kazi hii, andika site: na anwani yako sasa hivi, uje useme hapa umekuta kurasa ngapi.